Chumba Kimoja cha Linux

Asubuhi ile niliondoka mtaani Katuba bila kujua ninaenda wapi. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Nimebeba magunia ya unga Kasumbalesa, nimeuza vocha za simu Likasi, nimechimba Kolwezi mpaka mgongo ukakataa, na kila niliporudi Lubumbashi nilikuta nyumba zimeongezeka, mimi sijaongezeka kitu isipokuwa maswali. Siku hiyo miguu ilinipeleka Ruashi, upande wa mgodi, ambako malori hupaka vumbi jekundu hata nguo zilizoanikwa. Nilikuwa nikitafuta kivuli tu. Nikasikia mwanamke anapiga kelele chini ya baraza la mabati.

"Fundi! Nilikuletea machine, sikukuletea kitendawili! Rudisha Windows yangu!"

"Mama, sasa inatembea. Mbele haikukuwa inatembea."

"Inatembea kwenda wapi? Mi siijue! Wapi karata yangu? Ile ya kuchezaka nikichoka?"

"Karata iko, mama. Tazama, hii hapa."

"Ile haina yangu! Yangu ilikuwa na kitambaa ya kijani!"

Mzee aliyekuwa akijibu alikuwa mwembamba, amevaa kofia nyeupe ya Kiislamu, safi kabisa, na katika mtaa ule hakuna kinachobaki safi. Miwani yake ilikuwa imefungwa sikioni kwa waya wa chaja. Hakubishana. Alimuuliza yule mama swali moja tu, kwa sauti ya chini, kama daktari: "Nini ilikushinda?" Mama akataja karata, akataja alama alizozizoea, akataja aibu ya kuulizwa na watoto wake na kukosa jibu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akachukua mashine, akarudisha kila kitu kama zamani. Mimi nikakaa kwenye benchi ili nielewe walikuwa wanagombana juu ya nini. Nilikaa, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena, kwa miaka. Benchi lile ndilo shule niliyosoma kwa muda mrefu kuliko zote.

Watu wote walimwita Papa Fundi. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, lakini halinisaidii kumkumbuka.

Kwa asiyejua, nieleze kama alivyonieleza yeye. Mashine bila programu kubwa ya kuiendesha ni sanduku tu. Karibu kila mtu huku kwetu anajua programu moja, Windows, mpaka jina hilo limekuwa sawa na kompyuta yenyewe. Mtu husema "Windows yangu imekufa" hata kama kilichoungua ni waya. Linux ni programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Imeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, na kila mmoja anaruhusiwa kuichukua, kuifungua aone ndani, na kumpa mwenzake. Mashine kuukuu iliyochoka, ukiiwekea Linux iliyo nyepesi, mara nyingi huamka. Papa Fundi alikuwa ameamsha nyingi. Tatizo lake halikuwa mashine. Baada ya siku mbili, tatu, wenye mashine walirudi wakitaka waliyoizoea.

Alichotaka alinieleza siku ya kwanza ile ile, huku akipangusa vumbi ndani ya mashine kwa brashi ya kupakia rangi. "Nipate chumba kimoja. Chumba kimoja tu. Bantu baingie mule, bajifunze hii kwanza, mbele ya kujifunza ingine. Halafu tutaona kama ni hii njo inashinda bantu, ao ni mazoea njo inabashika."

"Na ukikosa chumba?"

"Nitakikosa nikiwa natafuta."

Kosa lake la kwanza lilikuwa neno. Kwa Kiswahili chetu, kitu ambacho hukukilipia ni cha bule, na kitu kisicho na maana nacho ni cha bule. Mtu amesema bule, amesafiri bule, amekufa bule. Papa Fundi alimwambia muuza vitenge mmoja, kwa furaha yake yote: "Hii ni ya bule, mama." Yule mama akamtazama kwa huruma. "Ya bule? Basi uniwekee ya kununua." Akajaribu Kifaransa, akasema ni *libre*, yaani huru. Karani mmoja wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, akauliza: "Libre? Nani alimufungua?" Baraza zima likacheka. Akajaribu kusema ni ya watu wote. Mwenye duka la dawa akarudisha mashine yake kifuani. "Ya bantu bote? Basi hata muizi eko na ufunguo!"

Nikamshauri. Nilikuwa nimeuza vitu vingi barabarani, nilijua namna ya kusema. "Papa, waambie ni Windows mpya. Modeli ya Ulaya." Aliweka bisibisi mezani. Aliniuliza taratibu: "Leo utalala wapi?" Nikaelewa kwamba kwake, nilikokuwa nikilala siku hizo, sitalala. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne alisema, kana kwamba mazungumzo hayakukatika: "Nikianza na uongo, hata akipenda, atapenda uongo. Mi nitakuwa nimefanya nini?"

Alikuwa hivyo, mkali mahali ambapo watu hawakutarajia na laini mahali ambapo mimi ningekasirika. Kiingereza hakujua, na amri nyingi za Linux ni vipande vya Kiingereza. Alikuwa amezishika zote kwa kichwa na kwa vidole. Nilipomuuliza anawezaje kuandika asichokielewa, alisema utotoni alishika sura za Kurani kabla ya kujua hata neno moja la Kiarabu, na maana ilikuja baadaye, polepole, ikamkuta yuko tayari. Alipoandika amri, midomo yake ilitembea. Akikosea herufi, alijigonga kidole kama walimu wa zamani walivyomgonga.

Na usidhani alikuwa malaika. Alipenda kushinda mabishano mpaka chai yake ikapoa mbele yake. Alidharau watu wa simu, akisema wanagusa gusa kioo kama wanatafuta nzi. Na pembeni, chini ya kitambaa cha kufuma, alikuwa na mashine moja yenye Windows, kwa sababu printa ya jirani anayetoa fotokopi ilikataa kabisa kumtii kwa njia nyingine. Alipoiwasha aligeuza uso kidogo.

"Ile ni nini, Papa?" nilimchokoza.

"Ule ni mukwe wangu. Tunaheshimiana. Hatukule sahani moya."

Mambo ya Kasapa, kule kwenye chuo kikuu, ndiyo yaliyonifanya nimheshimu. Mwanafunzi mmoja wa chuo alileta mashine iliyojaa virusi, kwa kuwa flashi, zile *clé* ndogo za kuhifadhia kazi, hupita kutoka mashine moja hadi nyingine zikibeba magonjwa yote ya mji. Papa Fundi akamwekea Linux. Binti akaandika humo kazi yake yote ya kumaliza masomo, bila tatizo. Siku ya kuiwasilisha akaenda kuichapa kwenye ofisi moja ndogo karibu na chuo, ambako kila kitu hufunguliwa kwa Word. Kurasa zikaruka. Majedwali yakavunjika katikati, kichwa cha sura ya pili kikaanguka chini ya ukurasa peke yake. Mwisho wa kupokea kazi ulikuwa saa kumi jioni. Alipiga simu akilia mpaka maneno hayakusikika.

Papa Fundi alifunga baraza, na mimi nikamfuata. Kule ofisini alivuta kiti mbele ya mashine ya Windows, akaanza kunyoosha ukurasa mmoja mmoja. Mwenye ofisi alimjua.

"Papa Fundi! Si ulisema hii ni gereza? Leo umekuja kujifunga mwenyewe?"

"Nakuja kutembelea muntu wangu. Mutupe chapati, bantu ba gereza banalalaka njaa."

Tulicheka, lakini niliona pua yake imekaribia kioo kiasi cha kukigusa, na kila mara alimwomba binti amsomee namba za kurasa. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akilalamika kwamba skrini zimechoka, akabadilisha tatu. Siku ile nilijua skrini hazikuwa na kosa. Alinikubalia baadaye: daktari alikuwa amemwambia macho yanazimika kutoka pembeni, na hayatarudi.

Kazi iliwasilishwa kabla ya saa kumi. Binti alitaka kumshukuru, yeye akavua kofia, akasimama mbele yake kama mwanafunzi. "Kosa haina ya machine, haina ya hawa. Ni yangu. Sikukuuliza utaprinta wapi." Tangu siku ile hilo likawa swali lake la kwanza kwa kila mteja: utaprinta wapi? Utatuma kwa nani? Na mara nyingi, baada ya jibu, alisema mwenyewe: "Basi wewe, bakia na Windows." Nilihesabu kwamba alifukuza nusu ya watu ambao wangemwamini.

Chumba alikipata kwa njia ambayo hakuitegemea. Kulikuwa na shule ya sekondari hapo hapo Ruashi, na mkuu wake alikuwa mama mnene mwenye kicheko kikubwa, wote wakimwita Madame Préfet. Ofisi fulani ya mjini ilikuwa imetupa mashine kumi na nne, naye akazipokea zikiwa zimekufa. Alikuja barazani, akakaa kwenye benchi langu, akanisukuma.

"Papa Fundi, mwalimu wangu eko anafundisha informatique, masomo ya machine, na chaki. Batoto banajua kuchora souris, ule panya ya machine, mukia na yote. Lakini habajaikamata."

Akamweleza masharti. Azifufue kwa njia yoyote anayoijua. Mwisho wa mwaka wa shule inspekta atakuja kupima darasa. Akiridhika, chumba kitabaki vile. Asiporidhika, Papa Fundi aondoe vitu vyake na kuweka vile ambavyo kila mtu anavyo.

"Mwaka moya?" alisema yeye. Alikuwa anahesabu macho, si mashine.

"Mwaka moya, Papa."

Alizifufua zote kumi na nne, kumi na tatu kwa wanafunzi na moja mezani kwa mwalimu. Nilibeba, nilipangusa, nilishika tochi. Siku ya kwanza ya somo tulisimama nyuma ya darasa, yeye akiwa amevaa kanzu kana kwamba ni Idi. Mwalimu, mtu mrefu mwenye daftari ambalo kingo zake zililiwa na miaka, alisoma kama alivyokuwa akisoma siku zote: *Cliquez sur le bouton Démarrer*, bonyezeni kitufe cha kuanzia.

Watoto wakatafuta. Kila mmoja alikuwa amechora kitufe hicho mara nyingi daftarini, kona ya chini kushoto, akakipaka rangi ya kijani. Kwenye skrini zile pale palikuwa na alama nyingine, bila neno lolote. Msichana wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Monsieur, machine yangu imekufa."

"Na yangu!" "Yangu nayo!" Kumi na tatu zote zilikuwa zinawaka, angavu, na kumi na tatu zote zilitangazwa kufa.

Mwalimu aligeuka. "Papa, nilikuambia."

Siku mbili Papa Fundi hakufungua baraza. Ya tatu tulirudi kwenye kile chumba, akakaa mbele ya kila mashine, na kwenye kila moja akaandika neno hilo mahali pake, kona ya chini kushoto: *Démarrer*. Mimi nikacheka mpaka nikashika tumbo.

"Papa! Si ulinifukuza juu ya uongo?"

"Hii haina uongo. Nimeandika jina ku mulango."

"Jina la nyumba ingine."

Aliendelea na mashine iliyofuata, ameinamisha uso. Nadhani ndiyo siku nilimpenda zaidi, kwa sababu alijua kwamba nimesema kweli na bado akamaliza zote.

Mwaka ukaenda. Watoto wakazoea. Mwalimu hakuzoea, kila baada ya somo walibishana mlangoni, na siku moja alisema neno ambalo lilimchoma mzee. "Papa, hawa batoto batatafuta kazi mu ville. Bureau zote zitabauliza kitu kimoja: unajua Word? Wewe utakuwa fasi gani ile siku, ubajibie?" Tulipokaribia baraza Papa Fundi alisimama. "Eko na haki," alisema. "Na mi niko na haki. Njo mambo mubaya."

Inspekta alikuja na suti na clé yake. Aliwapa watoto barua ya kuandika na jedwali la kupanga. Waliandika vizuri, wakapanga vizuri. Madame Préfet akaanza kutabasamu. Ndipo inspekta akainama mbele ya skrini ya msichana yule wa mstari wa mbele.

"Hii ni Windows gani?"

Hakuna aliyemwambia kabla. Mwalimu alitazama viatu vyake. Papa Fundi alifungua mdomo, lakini msichana alimtangulia.

"Haina Windows, Monsieur l'Inspecteur. Ni Linux."

"Na siku ya kwanza ulisema imekufa," mwenzake akamnong'oneza, na darasa likacheka, hata inspekta kidogo.

Hakuwa mtu mbaya. Watoto wote aliwapa alama zao. Lakini aliandika kwenye daftari la shule kwamba somo lifuate mtaala, na mtaala, alisema akiufunua, unataja Windows kwa jina. Wazazi nao wangeuliza. Madame Préfet alimvuta Papa Fundi pembeni, na kicheko chake hakikuwepo. "Papa, nisamehe. Nilikupa neno langu, na neno lilikuwa hivi."

Alizibadilisha yeye mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine azifungue. Aliweka Windows ya zamani ambayo mashine zile ziliweza kuibeba. Aliomba kitu kimoja tu, Linux yake ibaki mle ndani, mstari wa chini. Madame Préfet alikubali, kama unavyomruhusu mtu anayehama aache kiti chake uani. Tangu hapo, ukiwasha mashine, inaonyesha mistari miwili. Wa kwanza ni Windows. Usipogusa kitu, baada ya sekunde kumi inajiendea yenyewe. Wa pili ni Linux. Ukiutaka lazima ubonyeze mshale wa chini, halafu kitufe cha *Entrée*.

"Sekunde kumi," aliniambia tukitoka. "Nani atasimamisha sekunde kumi juu yangu?"

Wiki ile nikapanda lori la Kolwezi, halafu Kasumbalesa, na sikurudi mpaka mwaka mwingine wa shule ulipokuwa umefika katikati.

Nilipofika baraza lilikuwa limefungwa. Mama anayeuza makaa hapo kando aliniambia: "Fundi alihama ku masomo. Macho ilikataa. Hakuweze tena kukatisha barabara." Madame Préfet alikuwa amempa chumba nyuma ya darasa la mashine, mahali wanapoweka madawati yaliyovunjika. Sikuwahi kufika nyuma huko. Nilizunguka ukuta na begi langu begani, nikamkuta amekaa kwenye kigoda chini ya madirisha ya vioo vya kupandana, uso umeelekea uani, hauangalii kitu.

"Yambo, Papa."

"Nani?"

"Ni miye. Ule asiye na adresse."

Akacheka kwa pumzi, akatafuta mkono wangu, akaushika, hakuuachia. Nilikuwa na maneno mengi njiani, nikaanza kuyatoa, naye akainua kidole. "Nyamaza kwanza. Ba-après-midi banaingia."

Kundi la mchana lilikuwa likiingia darasani nyuma yetu, viti vikikwaruza. Alinieleza haraka, kwa kunong'ona, kwamba mwanzoni wote walikaa kwenye mstari wa kwanza. Halafu clé za mji zikaleta magonjwa yake, kazi za watoto zikapotea wiki baada ya wiki, na mmoja akagundua kwamba ukishuka mstari wa pili kazi zinabaki. Zaidi ya hapo hakujua. Hakutaka kumuuliza mtu, kwa sababu watu wangemjibu la kumfurahisha.

"Mashine zile, keyboard zake ni nzito," alisema. "Anayetaka yangu anapiga mara mbili. Ka-ka. Anayetaka ile ingine ananyamaza tu. Sikiliza."

Feni za ndani zilianza kuvuma. Papa Fundi alifumba macho ambayo hayakuhitaji tena kufumbwa. *Ka-ka*, kushoto. *Ka-ka*, *ka-ka*, mbali kidogo. Kimya. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikunjika kimoja kimoja juu ya goti, vikaisha, vikaanza vya kulia. Sekunde kumi zikapita, kisha mwalimu akaanza kuita majina.

"Ingia kwa macho," aliniambia. "Hesabu."

Nilisimama juu ya kigoda chake, nikachungulia kati ya vioo. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu nilijua nitaulizwa.

"Tisa, Papa. Tisa katika kumi na tatu."

Aliguna. Alirudia kukunja vidole. "Hapana. Nimesikia kumi."

"Ni tisa. Nimeona kila mutoto."

"Batoto, njo tisa." Aligeuza uso kuelekea dirisha. "Tazama ku meza ya mwalimu."

Meza ya mwalimu ilikuwa kona ambayo kutoka pale ilinibidi nishike nondo na kujinyoosha. Mtu yule mrefu alikuwa ameinama, daftari lake kuukuu limefungwa pembeni, anaandika. Skrini yake ilikuwa sawa na za wale tisa.

Nilishuka, nikamwambia. Papa Fundi alipapasa begi langu, akalivua begani kwangu, akasukuma mlango wa chumba chake.

"Godoro ya pili iko nyuma ya madawati," alisema. "Itoe vumbi. Ile ya kwanza ni yangu."